SANGE SI PANYA

Wahenga walinena kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Je, na yule ambaye hakukataa kwao, bali sisi ndio tuliomkatia ukoo wake, tukampachika ukoo wa watu wengine, huyo tumwite nani? Leo nimeshika kalamu kumtetea mmoja wa namna hiyo. Jina lake ni sange.

Najua kuna watakaouliza, “Sange ndiye nani tena?” Swali hilo halinishangazi, maana hata mimi mpaka mwezi wa Aprili mwaka huu nilikuwa sijui. Sange ni mnyama mdogo wa msituni, uzito wake hauzidi sana nusu kilo, mwenye miguu myembamba kama ya paa, mkia mrefu mtupu, na pua ndefu ambayo haitulii, kazi yake ni kupekua majani makavu akitafuta wadudu, majongoo na nyungunyungu. Huyu wa kwetu pwani, yule wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ana kitu cha ziada. Nyuma, pale juu ya mkia, ana manyoya ya rangi ya dhahabu, yamemkaa kama kiraka alichoshonewa na fundi mzuri. Hutembea mchana. Hulala katika kiota cha majani juu ya ardhi, si shimoni. Dume na jike wake hushika eneo moja wakalilinda pamoja.

Mimi nilimwona akiwa amekufa. Tulipofunga shule nilipanda matatu ya Malindi, tukavuka Mtwapa, tukavuka Kilifi, nikateremka Matsangoni kwa nyanya yangu, yaani hawe kama tumwitavyo nyumbani. Siku ya tatu, mwana wa mjomba wangu akaja kutoka upande wa msitu na wanyama wawili wakining’inia kwenye kamba. Aliwanasa kwa tanzi. Nyanya akasema, “Leta hao panya niwababue.” Nikatazama lile doa la dhahabu. Moyoni nikajiambia, mbona panya huyu amevaa hivi? Lakini sikusema kitu, kwa sababu siku mbili tulikuwa tumekula mchicha na sima tu, nami nilikuwa na uchu wa nyama. Walibabuliwa, wakatiwa chumvi, nikala. Nasema kweli, nyama yake si ya kusifika.

Muhula wa pili ulipoanza tukawa kwenye mada ya uainishaji katika somo la biolojia, yale mambo ya kuwapanga viumbe katika makundi. Nikainua mkono nikauliza: mnyama mwenye pua ndefu na makalio ya dhahabu yuko kundi gani? Darasa lilicheka mpaka darasa la pili wakachungulia. Mwalimu hakucheka. Alisema hajui, akaomba wiki moja. (Nilimheshimu sana kwa hilo, maana wapo ambao wangeniambia nikae chini nisipoteze wakati.) Wiki ilipokwisha alikuja na karatasi mbili alizochapisha, akanipa nizisome mwenyewe, na hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Karatasi zile zilisema kwamba sange si panya. Si nduguye panya wala binamu yake. Zikasema jamaa zake wa karibu zaidi walio hai leo ni hawa: ndovu, pimbi, nguva, muhanga, na vijinyama vingine vichache vya Afrika na Madagaska. Na kibaya zaidi kwa sisi tunaopenda kucheka, panya yuko karibu na mimi na wewe, ndugu msomaji, kuliko alivyo karibu na sange. Ndiyo, umesoma sawasawa. Ukitaka kumwita mtu “jamaa ya panya”, anza na kioo.

Jioni nikawaeleza wenzangu pale maskani Mishomoroni. Weee! Nilichekwa siku tatu. “Ati ndovu na panya! Kesho utatuambia dagaa ni shangazi yake ngamia.” Hoja yao ilikuwa moja tu, nayo ni ya macho: ndovu ni mkubwa, sange ni mdogo, basi yamekwisha. Nami kwa kuwa kule sikupewa nafasi ya kujibu, najibu hapa, ambapo hakuna wa kunikatiza.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, nikakosa vipindi vya biolojia wiki nzima. Niliporudi nilinakili notisi za rafiki yangu. Yeye wakati mwalimu akisoma aliruka sentensi moja, ile inayosema kwamba mamalia wana kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Nami nikairuka bila kujua. Wengine wakanakili kutoka kwake, wengine kutoka kwangu. Mimi kwa haraka zangu nikaongeza kosa la pili: niliandika moyo wa mamalia una vyumba vitatu badala ya vinne. Mtihani ulipofika, mwalimu akasahihisha, kisha akawasimamisha wanafunzi saba. Wote saba tulikosa kiwambo. Kati yetu, watatu tulikuwa pia na moyo wa vyumba vitatu. Akatutazama akasema, “Nyinyi saba mmenywa kisima kimoja. Na nyinyi watatu mmetumia kata moja.” Hakutuona tukinakili. Hakuuliza mtu. Alisoma makosa tu, akajua nani kachukua kwa nani.

Sasa hivyo ndivyo wataalamu wanavyofanya na wanyama. Ndani ya kila chembe ya mwili mna maandishi ya urithi yaitwayo DNA, yameandikwa kwa herufi nne zinazorudiwarudiwa mamilioni kwa mamilioni ya mara. Mzazi humnakilia mtoto. Kunakili kukirudiwa mara nyingi hakukosi makosa: herufi moja hubadilika, nyingine huruka, pengine kipande kizima huingia mahali kisipostahili. Makosa mengi hayana madhara, basi huendelea kunakiliwa kizazi baada ya kizazi. Ukichukua jeni moja kwa wanyama kumi ukaipanga mistari kumi, mmoja chini ya mwingine, utaona wanaoshirikiana makosa yale yale. Hao wamenywa kisima kimoja.

Mwaka 1997 Mark Springer na wenzake walichapisha matokeo ya kupanga mistari ya namna hiyo, wakaona sange anaangukia upande wa ndovu, pimbi, nguva na muhanga. Mwaka 1998 Michael Stanhope na wenzake wakalipa kundi hilo jina la Afrotheria, yaani wanyama wa Afrika. Watu wengi walikataa, nao walikuwa wasomi wakubwa, si watoto wa maskani. Kwa zaidi ya miaka mia moja sange alikuwa amehamishwa kama mpangaji asiyelipa kodi. Mara aliwekwa na wanyama wala wadudu kwa sababu ya pua na chakula chake, mara akasogezwa karibu na sungura kwa sababu ya meno. Kila mmoja alitazama kiungo alichokipenda.

Lililowanyamazisha wengi ni jambo la mwaka 2001. Kuna jeni iitwayo BRCA1, ile inayotajwa sana katika habari za saratani ya matiti. Wataalamu walikuta kwamba katika sehemu moja ya jeni hiyo, wanyama wa kundi la Afrotheria wamekosa herufi tisa zinazofuatana. Tisa, mahali pale pale. Ndovu hana, sange hana, muhanga hana. Panya anazo. Sungura anazo. Sisi tunazo. Jamani, hicho si ndicho kiwambo changu? Mwanafunzi mmoja akikosa sentensi, utasema alisinzia. Lakini wote wa familia moja wakose sentensi ile ile, huwezi kusema kila mmoja alisinzia kwa wakati wake.

Hapa niwatulize wanaodhani nasema sange alizaliwa na ndovu. La hasha. Nasema walikuwa na mhenga mmoja, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, huenda mnyama mdogo tu asiye na mkonga, katika zama ambazo Afrika ilikuwa imetengana na mabara mengine kama kisiwa. Watoto wake wakatawanyika: hawa wakakua wakawa ndovu, wale wakaingia baharini wakawa nguva, na wengine wakabaki wadogo chini ya majani makavu. Pua ndefu ya sange wala haikutokana na mkonga, kila mmoja alijipatia yake. Naijua mimi imani ya watu wa mtaani kwetu, na nyumbani nimeambiwa niwe na adabu ninapoandika mambo haya. Simtaki mtu aache anachoamini. Nataka tu anapobisha abishe juu ya zile herufi tisa, asibishe juu ya ukubwa wa masikio.

Na tazama ajabu: jeni zilipokwisha kusema, watu wa mifupa wakarudi kwenye makabati ya makavazi wakatazama upya. Wakakuta kwamba katika wanyama hawa wa Afrotheria meno ya ukubwani huchelewa kuota, hata mwili unakuwa karibu umekamilika na meno bado hayajatimia. Alama ilikuwa kinywani mwao siku zote. Waliokuwa wakiitazama hawakujua waifuate wapi.

Si kwetu tu. Wanyama wa mfuko, wale jamaa za kangaruu wanaobeba watoto mfukoni, nao wamewachezea watu macho. Chile kuna kijinyama cha mfuko cha kulingana na panya wa nyumbani, wenyeji wamkiita monito del monte. Ukimtazama utasema ni wa Amerika Kusini kama wenziwe wa huko. Lakini mifupa ya vifundo vya miguu ilidokeza jambo jingine, na jeni zikalithibitisha: ukoo wake uko karibu na kangaruu wa Australia kuliko na wanyama wengi wa mfuko anaoishi nao bara moja. Bahari nzima katikati! Jirani si lazima awe ndugu, na watu wa Kisauni mwalijua hilo bila kupimwa damu.

Narudi pwani. Mwaka 2008 kamera zilizotegwa katika msitu wa Boni, kaunti ya Lamu, zilipiga picha za sange mkubwa ambaye makalio yake si ya dhahabu, ni meusi. Mwaka 2010 habari zikatangazwa kwamba huenda ni aina mpya kabisa duniani. Watu wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, Makavazi ya Taifa, na wataalamu wa wanyama kutoka London walishiriki. Kwa macho, yule ni mwingine. Vinasaba vilipopimwa vikasema: punguzeni haraka, huyu na yule wa dhahabu wa Arabuko-Sokoke ni watu wa nyumba moja, wametofautiana kidogo tu. Basi Bernard Agwanda wa Makavazi na wenzake wakamwandika kama tawi la sange wa dhahabu, wakampa jina la mandelai. Unaona? Kwa ndovu na sange macho yalitenganisha ndugu wakubwa, na Boni nako macho yalitaka kutenganisha ndugu wa tumbo moja. Mara mbili macho yameshindwa.

Nisiwe kama mwenye duka anayesifu nguo isiyo na tundu. Vinasaba navyo hukosesha ukivisoma nusunusu. Katika milima ya Udzungwa, Tanzania, mwaka 2005 alionekana sange mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko wote, akaandikwa rasmi mwaka 2008. Kuna DNA ambayo hurithiwa kwa mama peke yake. Wataalamu walipoisoma hiyo kwa sange wa Udzungwa walikuta imechanganyika na ya sange jirani, dalili kwamba zamani za kale waliwahi kuzaana. Mtu angesoma hiyo peke yake angesema hawa ni mamoja. Ilibidi zisomwe na jeni nyingine, na mwili pia utazamwe. Kwa hiyo anayeniambia “sura si kitu” simwungi mkono. Sura ni shahidi. Ila si hakimu.

Kisa kingine nitakipitia upesi kwa kuwa kinawahusu wapenda lugha. Jibuti kuna sange mdogo ambaye wataalamu hawakuwa wamemwandika tangu miaka ya 1970. Mwaka 2019 wakaenda kumtafuta wakishirikiana na mtaalamu wa huko, Houssein Rayaleh, wakampata bila taabu, kwa maana wenyeji hawakuwahi kumpoteza. DNA yake ikaonyesha kwamba yeye na sange mdogo mwekundu wa nyika za kwetu Kenya ni tawi la peke yao. Mwaka 2020 tawi hilo likapewa jina Galegeeska. Geeska ni Kisomali, maana yake pembe, kwa ajili ya Pembe ya Afrika. Na Gale ni kwa Galen Rathbun, yule mtafiti aliyewachunguza sange wa dhahabu kwenye magofu ya Gede na wale wekundu Kibwezi katika miaka ya 1970, akafariki mwaka 2019. Basi Kisomali kimeingia katika jina la sayansi. Kiswahili chetu kina neno sange, zuri, fupi, na sisi wenyewe twasema panya!

Hapo ndipo penye shina la maneno yangu. Nimesikia watu wakisema, jina ni jina tu, lina ubaya gani? Ubaya upo. Anayeitwa panya hahesabiwi. Panya akinaswa husemi amepungua, husema afadhali. Sange wa dhahabu yumo katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kutoweka, na duniani kote hayuko pengine ila pwani ya Kenya, hasa Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba 420 hivi, unaokatwa miti na kutegwa tanzi. Ndovu akiuawa magazeti huandika. Nduguye akiuawa, nyanya husema leta nimbabue. Tofauti ni jina tulilompa.

Nilimwambia hivyo mwana wa mjomba nilipokwenda tena mwezi wa Agosti. Alinisikiliza mpaka mwisho, ni mtu mpole. Kisha akasema, “Wewe umekula ukashiba, ukaenda shule, ukarudi na habari za ukoo. Mimi nikiacha tanzi, nyanya atakula ukoo?” Nilinyamaza. Mpaka leo ninavyoandika sijapata jibu la kumpa linaloweza kutiwa sufuriani. Najua wako watu wa vijiji vya kandokando ya msitu wanaofuga nyuki, na wengine wanaofuga vipepeo wa msituni na kuwauza kupitia mradi wa Kipepeo ulio pale Gede. Nilimwambia hayo. Akasema ataenda kuuliza. Kama ameenda au hakwenda, sijui. Nyanya naye alikuwa akichambua mchicha, akainua uso akaniuliza, “Na huyo ndovu mwenyewe, ajua kuwa ana ndugu huku?” Tukacheka wote, lakini siku hiyo hakumwita panya. Alimwita sange, kisha akaniambia hilo jina alilisikia utotoni akalisahau.

Basi ombi langu kwa wakubwa wa shule ni mambo mawili, wala si ghali. Kwanza, pale ukutani maabara kuna picha ya wanyama wa msituni iliyochorwa na waliotutangulia, na chini ya sange pameandikwa “panya mkubwa”. Chama cha Kiswahili kipewe brashi na rangi kidogo tupasahihishe. Mimi nitapanda kiti. Pili, ziara ya mwaka ujao isiwe tena ya kwenda ufuoni kula chipsi. Twende Gede. Magofu yale yametiwa katika urithi wa dunia mwaka 2024, walimu wa historia watafurahi, na mchana, tukinyamaza (kidato cha kwanza mnasikia?), huenda tukamsikia sange akipekua majani kati ya kuta za kale.

Katibu wa chama amekubali kuandika majina ya watakaokwenda. Daftari liko kwake, na la kwanza nimeandika langu.